Kula Nairobi bila ngano: visiagi, vibanda na majiko ya nyama choma katika mizani

Mgonjwa wa siliaki (ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano na shayiri, huharibu utumbo) anayeishi Nairobi ana bahati ambayo mwenzake wa Roma au London hana: sehemu kubwa ya chakula cha mji huu haina ngano tangu asili. Ugali na sukuma wiki, githeri, mukimo, ndengu, nduma, matoke, mbuzi wa kuchoma, wali wa pishori ya Mwea. Mtu angeweza kula mwezi mzima bila kukosa kitu. Na bado watu wanaugua, kwa sababu tatizo la hapa mara nyingi si chakula chenyewe bali chombo kilichokishika. Ni gorogoro (kopo la kupimia nafaka) iliyotoka kwenye gunia la ngano, mashine iliyomsagia jirani atta (unga wa ngano), karai lililokaanga mandazi alfajiri, kisu kilichopasua smokie kabla ya kupasua yai. Kwa hiyo tathmini hii haipimi utamu. Inapima huduma za unga na aina za mahali pa kula jijini kwa swali moja tu: ngano imepitia wapi kabla ya sahani kufika mezani?

Tuanze na kiasi, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni kikiwa na miligramu 20 au pungufu kwa kilo. Gramu moja ya unga wa ngano ina takriban miligramu 80 hadi 100 za gluteni. Chukua paketi ya kilo mbili ya unga wa wimbi: kiwango chake chote ni miligramu 40, yaani chini ya nusu gramu ya unga wa ngano, karibu sawa na ile chumvi unayochota kwa vidole viwili kutilia ukiwa umeketi mezani. Kwa nafaka nzima hesabu ni hiyo hiyo. Punje moja ya ngano hubeba gluteni ya miligramu tatu au nne hivi, kwa hiyo punje tano au sita zilizojificha katika kilo moja ya mtama zinatosha kujaza kipimo. Moto wa jiko hauiondoi, mafuta yanayochemka hayaiondoi. Na asiyeumwa tumbo baada ya kula hajathibitisha chochote, kwani vijinywele vya utumbo mwembamba vinaweza kuwa vinaharibika kimyakimya huku dalili pekee ikiwa damu inayopungua kila anapopimwa.

Anayeshuku tu kwamba ana ugonjwa huu asiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu cha kingamwili za tTG, na hata kipande kinachotolewa kwenye utumbo kwa endoskopi, huweza kuonekana safi kwa mtu aliyekwisha kuacha ngano. Kawaida hutakiwa kula ngano kila siku kwa wiki sita hivi kabla ya vipimo.

Nafaka na kisiagi

Nyamakima ndiko wengi huenda kununua nafaka kwa wingi, na kwa bei na ubichi wa mzigo pana sifa yake. Kwa mgonjwa wa siliaki, ununuzi wa kupimiwa kutoka gunia wazi unahitaji macho. Magunia hukaa bega kwa bega: mahindi, njugu, mtama, ngano, wimbi, dengu. Gorogoro ni moja, na hurushwa kutoka gunia hili hadi lile. Omba kufunguliwa gunia lililoshonwa, upimiwe kwa chombo ulichokuja nacho. Wauzaji hawakatai ombi hili ukilitoa kwa heshima na mapema, kabla hajachota. Ukimwambia akiwa ameshachota ataona unamdharau mzigo wake.

Hata hivyo ichambue nyumbani, na njia inategemea nafaka. Wimbi ndilo rahisi kuliko zote kwa sababu punje yake ni ndogo mno, milimita moja hadi mbili. Lipitishe kwenye chekeche lenye matundu ya milimita mbili: wimbi linaanguka chini, ngano na shayiri zinabaki juu kwa kuwa ni ndefu na nene. Vipande vya ngano iliyovunjika vinaweza kupenya, kwa hiyo lioshe kwa maji mara tatu kisha ulianike juani kwenye shuka safi mpaka likauke kabisa. Mahindi ni kinyume: chekeche lenye matundu makubwa huyazuia juu na kudondosha ngano chini. Mtama ndio msumbufu. Punje yake ya duara ina upana unaokaribiana na wa ngano, chekeche halisaidii, inabaki kazi ya ungo na vidole. Kwa kilo mbili tenga saa nzima yenye mwanga wa mchana, tandaza kidogo kidogo kwenye sinia jeupe, na utafute kitu kirefu chenye mfereji upande mmoja wa tumbo. Mfereji huo ndio alama ya ngano, mtama hauna.

Halafu inakuja mashine, na hapa tunasema bila kuzunguka: kisiagi cha mtaani kinachomsagia kila mtu hakifai kwa mgonjwa wa siliaki, hata mwenyewe awe mwungwana namna gani. Ukitazama jinsi kinavyofanya kazi utaona kwa nini. Nafaka humwagwa juu kwenye bakuli la bati, huteremka hadi chumba chenye nyundo za chuma zinazozunguka, zikaipiga mpaka ipite kwenye wavu wa matundu madogo. Upepo wa mashine huusukuma unga kwenye bomba, na mwishoni huingia kwenye mfuko mrefu wa kitambaa unaoachia hewa na kuzuia unga. Nyundo na wavu vinaweza kusafishwa kwa kusaga kilo mbili tatu za mahindi ya kutupa. Kitambaa hakisafishwi kwa njia hiyo. Nyuzi zake zimeshiba unga wa wiki nzima, na msagaji anapoupiga mfuko kwa fimbo ili unga uteremke, hicho alichokiangusha si chako peke yako.

Tufanye hesabu. Chukulia gramu 50 tu za unga wa ngano zimesalia ndani ya mashine na mfuko. Hizo zina miligramu 4,000 za gluteni au zaidi. Ukisaga kilo kumi za wimbi juu yake, unapata miligramu 400 kwa kila kilo, mara ishirini ya kiwango. Wala uchafu hausambai sawasawa: kilo za kwanza ndizo mbaya kuliko zote, kisha mfuko hutema kidogo kidogo kila unapotikiswa. Ushauri unaosikika sana wa kwenda asubuhi na mapema uwe wa kwanza hauna nguvu, kwa sababu wa kwanza wa leo anafuata wa mwisho wa jana.

Kuna visiagi vyenye mashine mbili, moja ikiwa ya mahindi tu. Hiyo ni afadhali, lakini uliza maswali mawili: kama mfuko wa mashine hiyo huwahi kuhamishwa kwenda kwa nyenzake, na nini husagwa humo mashine ya pili inapoharibika. Jibu la swali la pili ndilo huwa linafunua mambo.

Njia tunayoipa alama ya juu ni kusaga nyumbani. Kikombe cha kusagia vitu vikavu kinachouzwa pamoja na blenda nyingi kinamudu gramu 150 hadi 200 za wimbi kwa mara moja. Saga sekunde 30, zima, tikisa, saga tena, kisha chekecha kwa chujio laini na urudishe makapi. Baada ya mikupuo mitatu ipumzishe kwa dakika kumi, kwani injini hizi ndogo huungua zikilazimishwa. Nafaka yenye unyevu huganda ukutani na kugeuka kinata, ndiyo sababu tumesisitiza kuanika. Mahindi makavu mazima ni magumu mno kwa kikombe hicho, yaache.

Unga wa paketi

Kwenye rafu za Naivas, Quickmart, Carrefour na Chandarana kuna unga wa wimbi, mtama, muhogo na mchele wa kutosha. Jambo la kujua ni kwamba miongoni mwa kampuni kubwa za unga nchini, kadhaa husaga mahindi na ngano vyote. Hilo halina maana kwamba unga wao wa mahindi ni mchafu, maana njia za kusagia zaweza kuwa katika majengo tofauti. Lina maana kwamba kimya cha paketi si jibu. Namba ya huduma kwa wateja huwa imeandikwa nyuma: uliza kama mashine ni ya nafaka moja, kama upakiaji ni wa laini moja, na kama wamewahi kupima gluteni. Anayejibu kwa maandishi mpe imani zaidi ya anayejibu kwa simu.

Unga wa uji wa mchanganyiko, ule unaosifiwa kuwa na nafaka saba au tisa, uache kabisa mpaka usome orodha yote. Ngano huingia humo mara nyingi, wakati mwingine kwa jina la atta, na shayiri huingia kwa jina la kimea. Kimea cha wimbi hakina neno, kimea cha shayiri ni gluteni. Soma vivyo hivyo vinywaji vya kakao vya unga, na bia za chupa ambazo nyingi hutoka kwenye shayiri. Bidhaa za kutoka ng'ambo zenye picha ya suke la ngano lililokatwa mstari ni salama, ila bei yake haiwezi kuwa msingi wa mlo wa kila siku wa familia ya kawaida.

Na chapati? Tunalijibu swali hili kwa sababu ndilo linalowaliza watu. Hakuna unga wa hapa utakaotoa chapati ya matabaka kama ya ngano, kwani mnyumbuko ule ni gluteni yenyewe. Inayopatikana ni nyingine, tamu kwa namna yake: gramu 150 za unga wa wimbi na 50 za muhogo, chumvi, kijiko cha mafuta, kisha maji yanayotokota, mililita 240 hivi, yamwagwe yote huku ukikoroga kwa mwiko. Maji lazima yawe yanachemka, maana wanga ukiiva kidogo huvimba na kushika mahali pa gluteni. Ukitumia ya vuguvugu, donge litapasuka pembeni kila ukisukuma. Funika dakika kumi, kanda ukiwa na mikono yenye mafuta, sukuma kati ya karatasi mbili za plastiki na uchome kwenye kikaango kikavu kabla ya kupaka mafuta. Ukizidisha muhogo, ikipoa inakuwa mpira. Iliwe moto.

Mezani nje ya nyumba

Neno gluteni halisaidii kibandani. Wala kuuliza "hii ina ngano?" hakusaidii sana, kwa sababu mpishi atawaza alichotia chunguni na kujibu kwa ukweli kwamba hapana. Uliza kuhusu chombo. "Mama, mimi nikila ngano hata kidogo naugua. Haya mafuta yamekaanga nini tangu asubuhi?" Swali hilo hujibiwa papo hapo, na kwa kinaganaga.

Kibanda kinachosukuma chapati meza ile ile ya kupakulia hakifai, chakula kiwe kizuri vipi. Unga wa kunyunyizia chapati huruka na kutua kwenye sufuria zilizo wazi, na mkono unaotoa chapati ndio unaopakua. Tafuta kinacholetewa chapati zikiwa zimepikwa kwingine, au kisichouza kabisa. Hapo githeri, maharagwe, ndengu, sukuma na ugali ni mlo mzuri, mradi hakijatiwa mchuzi wa paketi ambao orodha yake hujaisoma. Omba uone paketi, wapishi wengi huwa nayo kwenye rafu. Chips zinazokaangwa mafuta ya mandazi, sambusa au soseji zikatae. Viazi karai navyo huchovywa unga, mara wa ngano, mara wa dengu. Samaki mzima wa kukaanga ana mtego wake: wapishi wengi humpaka unga kidogo asishike kwenye karai, na akishaiva hauonekani. Agiza wa kuchemsha kwa nyanya, ambaye hajapitia karai kwanza.

Toroli za barabarani zinastahili onyo. Yai la kuchemsha ni chakula salama kuliko vyote mpaka lipasuliwe. Muuzaji ana kisu kimoja, nacho kimetoka kupasua smokie, na smokie na soseji nyingi hujazwa makombo ya ngano. Kachumbari nayo hujazwa kwa kisu hicho hicho. Nunua yai na ganda lake, umenye mwenyewe. Mahindi ya kuchoma, kwa muuzaji asiyechoma kitu kingine, hatuna la kuyalaumu, ndimu na pilipili zake zote.

Kwa maoni yetu mahali bora pa mgonjwa wa siliaki kula nje Nairobi ni kwenye nyama choma, na hasa kule unakochagua nyama mbichi buchani kabla haijaenda jikoni, kama ilivyo Kenyatta Market, Burma au Kariokor. Unaona kipande, unaona chumvi, unaona moto. Sema mambo manne wakati wa kuagiza: chumvi tu, hakuna sosi wala bia ya kupaka, iwekwe upande wa wavu usio na soseji, ikatwe kwenye ubao uliooshwa kwa maji ya moto, na ugali uje kwa sahani yake. Ubao ndio hatari kuu. Ni gogo la mti lenye nyufa, na soseji iliyokatwa saa moja kabla imeacha makombo ndani ya nyufa hizo. Wakati wa haraka, Ijumaa jioni na siku za mpira, mchomaji hatakumbuka hata jambo moja kati ya hayo manne, si kwa ubaya. Nenda saa sita mchana siku ya kazi. Nyama ya kukaanga kwa mchuzi huingia viungo vya paketi mara nyingi kuliko ya kuchoma. Mutura hutegemea mpishi, na kwa kuwa huwezi kuona kilichojazwa, iache.

Mikahawa ya Kihindi ya Ngara na Parklands inavutia kwa wingi wa vyakula vya dengu na mchele: dosa, idli, dali, bhajia za unga wa dengu. Hatari iko kwenye mvuje, kiungo cha utomvu mkavu wenye harufu kali. Mvuje wa unga unaouzwa madukani huchanganywa mara nyingi na unga wa ngano ili usigande, na huingia kwenye dali, sambar na papadi bila mpishi kuuhesabu kama ngano. Uliza kwa jina hilo hilo, au sema hing, na uombe dali isiyotiwa. Kuku wa tanuri ameiva ndani ya tanuri ambalo naan zimebandikwa ukutani mwake, usimwagize.

Injera, mkate mwembamba wa Kiethiopia unaopikwa kwa nafaka ya teff, ndiyo huwapoteza wengi. Teff haina gluteni, huo ni ukweli, lakini nje ya Ethiopia injera huchanganywa sana na ngano au shayiri kwa sababu ya gharama ya teff. Rangi si ushahidi, kwani kuna teff nyeupe na ya kahawia. Hata ya teff tupu huchachushwa kwa ersho, yaani maji ya donge la awamu iliyopita, na ikiwa awamu ile ilikuwa na ngano basi hii imerithi. Piga simu siku mbili kabla, uongee na anayepika, si anayepokea wageni. Akikujibu kwa kusita, agiza tibs (nyama ya kukaanga) na wali kwenye sahani isiyotandikwa injera.

Eastleigh ni nafuu: wali na nyama ya ngamia au mbuzi. Angalia tu usipakuliwe nusu wali nusu tambi, kwani huo ni mtindo wa kawaida wa huko, na kijiko cha tambi hurudi kwenye wali.

Bufee ya hoteli kubwa tunaipa alama ya chini kuliko kibanda kizuri. Vijiko huhama. Ukilazimika, ingia dakika ya kwanza inapofunguliwa, au mwombe mpishi akupakulie kutoka sufuria ya jikoni.

Safarini

Treni ya kwenda Mombasa kutoka Syokimau na mabasi yanayopumzika Mtito Andei yana sambusa, mikate na keki kwa wingi na kidogo sana kwako. Beba nduma na viazi vitamu vilivyochemshwa nyumbani, mayai yenye maganda, ndizi na karanga. Nduma iliyochemshwa na maganda yake hukaa siku nzima bila kuharibika ikifungwa kitambaa, si plastiki, maana kwenye plastiki hutoa jasho na kuteleza kufikia jioni. Kwa njia ya Nakuru, Kikopey karibu na Gilgil huchoma mbuzi mchana kutwa, na yale mambo manne ya kuagiza yanatumika vilevile.

Kwa ndege, chakula maalumu huagizwa kwa herufi GFML, na kwa kawaida saa 24 hadi 48 kabla ya safari. Kiagize kwenye tiketi ya kwenda na ya kurudi kando kando, na uthibitishe wakati wa kujiandikisha uwanjani. Trei ikifika, angalia kibandiko chenye herufi hizo kwanza. Kifungu cha mkate kinachowekwa pembeni hutoka kwenye trei za abiria wote mara kwa mara, kwa hiyo usikifungue mpaka usome karatasi yake, na nduma zako ziwe mkobani.